Kamera ya bei ya ng'ombe na redio ya babu

Jamani, leo bibi kalijibu lile swali mlilonisumbua nalo!

"Kamera ndogo hivyo kwa bei ya ng'ombe, na simu unayo?"

Haya. Nimeenda kwake Butimba. Kwa simu huwa nampiga picha akichambua dagaa, hata hainui uso.

Leo nikawasha kamera, lenzi ikajitokeza yenyewe. Bibi akaacha dagaa, akaingia ndani.

Nikasubiri mpaka nikadhani kalala.

Akatoka na kitenge kipya, kajipaka mafuta, kakumbatia redio ya marehemu babu, ile iliyokufa zamani. Enzi zao mpiga picha akija, babu ndiye aliyeishika.

Akaketi wima, hacheki, kama yuko studio.

"Piga. Leo naishika mimi."

Haya, nani bado anauliza bei?