Mama Anahamia Annexe

Somo lile nalifundisha chuoni Kasapa kila mwaka, na kila mwaka linanipandisha damu. Ni historia ya jamii ya Waingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili: wanawake walivyotolewa viwandani wakarudishwa jikoni, na mabinti zao walivyokataa, talaka ilivyozidi kuwa rahisi, vijana walivyoanza kupanga vyumba vyao bila kungoja ndoa, wajane waliochagua kuishi peke yao. Wanafunzi huguna kama wamepewa uji usio na sukari.

Mwaka huu mmoja aliacha Kifaransa cha darasani, akauliza kwa Kiswahili cha nyumbani. "Mais Madame, bale bamama bazee, banabakiaka na nani? Batoto yabo habana na haya?"

Darasa zima likacheka. Nikamjibu kwa ukali kwamba mtu mzima haombi uhuru wake kwa watoto wake, na kwamba mzee si mali ya kuhifadhiwa stoo. Nilijipenda sana siku ile.

Jumamosi yake asubuhi, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, mama yangu akaniambia: "Mutoto yangu, leo naenda kwikala kwangu, ku Annexe."

Tangu baba afariki, miaka sita sasa, mama anaishi kwangu mjini, mtaa wa Bel-Air. Nilimpa chumba kizuri, televisheni, godoro jipya. Ni kweli nilimkataza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, uani, kwa sababu majirani wananuna, na kuwasha mbabula, kwa sababu moshi wa makaa unaingia kwenye mapazia. Wenzake wa kikundi cha sala niliwaomba waje mara moja tu kwa mwezi, maana wakianza kuimba hawajui kunyamaza. Lakini kula anakula, dawa anapewa kwa saa yake, na mimi ndiye ninayempa. Mtu anataka nini tena?

Kumbe alikuwa amejijengea! Vyumba viwili vya matofali ya udongo, kule Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye shamba la mahindi ambalo mimi nilidhani analiendea kunyoosha miguu tu. Amesimamia mafundi mwenyewe, bila kuniambia neno. Hapo hasira ikanipanda. Nilimwuliza watu watasema nini: mwalimu wa chuo kikuu amemfukuza mama yake akalale porini! Nilimwuliza akiugua nani atajua. Nilimwuliza pia, na hili naona haya kuliandika, ni nani aliyempa ruhusa.

Mama hakusimama. Aliendelea kufunga masufuria yake ndani ya kitenge. Nje gari la kukodi lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi bila adabu. Nikatoka mbio, nikafunga geti kwa kufuli, ufunguo nikautia ndani ya sidiria. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa naogopa pia, niseme ukweli, maana bila yeye ningebaki nyumba nzima peke yangu na karatasi za kusahihisha.

Mama akatoka, jembe mkononi, mzigo kichwani. Akaliona kufuli. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliweka mzigo chini, akaukalia, akaniangalia toka miguuni mpaka kichwani kama fundi cherehani anayepima mtu nguo.

"Nikisema nilime, baba yako anakatala," akasema. "Nikisema niende kuona ndugu yangu, anakatala. Miaka makumi tatu. Nikamulilia, nikamuzika, nikamaliza kilio."

Nilisema kwamba mimi siyo baba, mimi namlinda tu. Hata baba, akasema mama, alikuwa anamlinda.

Kisha akanyoosha mkono, kiganja wazi, apewe ufunguo.

"Mi nilizania bwana yangu alishakufa."