Kompyuta Iliyokufa kwa Kutunzwa

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyopigana na kompyuta sebuleni kwetu Voi, na hasira zake ninazo mpaka leo. Usinione nimetulia hapa na kahawa yangu ukadhani yamekwisha. Kuna mambo mtu husamehe yote, na kuna mambo husamehe nusu.

Miaka hiyo ya tisini, kompyuta ndani ya nyumba ya mtu ilikuwa kitu cha watu kuja kutazama. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa karani Mombasa. Ofisi yao ilipobadilisha mashine, aliomba moja ya zile za zamani, akaipakia kwenye basi hadi kwetu. Alipoishusha alisema mbele ya watu wote, "Hii ni ya Rukia. Taipu ameshaijua, sasa na ajifunze hii." Rukia ndiye mimi.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akaiwasha siku ile moja, ikawaka, mama akapiga vigelegele. Kisha akaizima, akaiweka kando ya kabati la vyombo, mama akaifumia kitambaa cheupe cha maua, na ikawa ndiyo basi. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, Baba alikuwa akiipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kibodi na yote, ili wageni waikute inang'aa. Nikisogea, "Rukia, utaiharibu." Nikiuliza nitaitumia lini, "Akiba haiozi, binti yangu." Wageni kutoka Mwatate na Taveta walifunuliwa kitambaa wakaiona. Mimi niliyeletewa, kazi yangu ilikuwa kuwapelekea chai.

Ikakaa hivyo miaka, mpaka ofisi moja ya mawakili hapa mjini ikatafuta msichana wa kuandika kwa kompyuta. Majaribio yalikuwa wiki iliyofuata. Wenzangu wote walikuwa wameshapata la kufanya, mimi nimebaki kufagia ua na kungoja kuposwa. Niliitaka kazi ile kuliko chochote. Nikamwambia Baba, safari hii siombi ruhusa. Akakiondoa kitambaa mwenyewe, bila kunitazama.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, ikapiga mlio mmoja na kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Tukamwita Mwakio, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni. Alipoifungua, ndani mlijaa vumbi jekundu la Voi, na mjusi kafiri amekauka juu ya waya na mayai yake kando.

"Dada, hii kitu imekaa sana," alisema. "Ilikuwa inataka kuwashwa kila siku."

Nilijua hilo tangu zamani, wala sikuhitaji kuambiwa! Mwakio akapuliza, akabadilisha fyuzi, akaungaunga nyaya. Kioo kikawaka. Nikamshukuru Mungu, lakini nilishukuru mapema.

Mashine ikaniuliza tarehe, yenyewe ikiamini tuko mwaka wa themanini. Halafu ikaandika kwa Kizungu kwamba haioni kibodi, na kwamba nibonyeze kitufe cha kibodi hiyo hiyo ili niendelee. Hebu niambie, mwanangu, hayo ni maneno ya mwenye akili? Nilikibonyeza mpaka kucha ikaniuma. Nikazima, nikawasha, tarehe ile ile, maneno yale yale. Nikaitukana kwa matusi ambayo sikujua kama ninayajua, mama akaniziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Mwishowe Mwakio akaving'oa vitufe. Chini yake kutu tupu, na ukoko mweupe wa sabuni.

Sabuni ya Ijumaa! Nikamgeukia Baba. Akasema polepole, "Nilikuwa naitunza."

Neno hilo ndilo lililonichoma. Mtu akikuharibia kwa uvivu, utamgombeza moyo upoe. Huyu aliyeua kwa mapenzi utamwambia nini?

Mwakio alizunguka mji, hakupata kibodi ya kuifaa. Mjomba akaahidi kutuma nyingine, lakini siku ya majaribio ikatangulia. Nikaketi mbele ya kompyuta ya watu. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi na herufi nazijua, ila kila mwisho wa mstari mkono wa kushoto ulipanda wenyewe kutafuta kile chuma cha taipureta cha kusukuma ili uanze mstari mpya, ukakuta hewa. Mmoja akacheka. Nikababaika, nikabonyeza nisichokijua, ukurasa wote ukatoweka, na namna ya kuurudisha sikuifahamu. Kazi akapewa msichana wa Mwatate, na aliistahiki.

Nilirudi nyumbani nikilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Baba akaanza, "Subira, Rukia. Subira yavuta heri."

"Heri ya nani, Salimu?"

Alikuwa Bibi, mama yake Baba, ameketi mkekani na tasbihi yake. "Mtoto kaletewa kitu cha kazi, wewe umekivisha sanda. Akiba haiozi, wasema. Hii hukuiweka akiba. Umeizika, na kila Ijumaa waenda kuosha kaburi."

Baba, mtu mzima na mvi zake, aliinamisha kichwa. Bibi hakumwonea huruma. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa vikombe vya mistari ya dhahabu ambavyo sisi wa nyumbani hatukuwahi kunywea, akatumiminia chai sote. Cha kwanza akampa Baba. "Kunywa. Kikivunjika, kimemvunjikia mwenyewe akikitumia."

Kibodi ilifika siku chache baadaye. Baba alikwenda kuipokea mwenyewe kwenye basi, akaniwekea mezani.

"Andika," aliniambia.

"Niandike nini, Baba? Kazi imeshakwenda."

"Chochote. Nataka nisikie."

Nikaandika kwa ghadhabu, navigonga vitufe kama natwanga kisamvu. Akakaa kando yangu akisikiliza, wala hakuniambia niende taratibu. Mashine ile niliwafundishia wasichana wa mtaa, na wengine walioshuka kutoka milimani, mpaka herufi zikafutika kwenye vitufe. Siku ilipokufa mara ya pili sikulia, maana ilikufa kazini.

Basi nisikilize, mwanangu. Ulichopewa kitumie kingali hai. Kitunze, sikukatazi, lakini kitunze kwa kukishika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingi anayengoja si yule anayeumia: aliyengoja ni Baba, niliyeumia ni mimi. Na ukijaliwa mtoto, usimnyime chake kwa kuogopa atakiharibu. Mwache akiharibu akijifunza, ni nafuu kuliko kuharibikiwa yeye akikitazama.

Mola akupe riziki ya halali, akupe na mikono isiyoogopa kuigusa. Vitu vyako vichakae mkononi mwako, nawe ubaki mzima. Amin.