Sitoki Ang'oa Muhogo wa Marehemu

Jina la Sitoki alilipata msibani. Mumewe hajamaliza hata wiki kaburini, shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa mlangoni, akamweleza kwa upole kwamba shamba ni mali ya ukoo na kwamba yeye mjane angepumzika vizuri zaidi kwao alikozaliwa.

"Sitoki," mwanamke akajibu, huku anapepeta kunde.

Shemeji akaeleza upya, sasa kwa ukali. "Sitoki." Akapandisha sauti, mwanamke naye akazidi kupepeta, makapi yakawa yanamrukia shemeji usoni. Mwishowe mama mkwe akatokea ndani, akasimama katikati yao. "Akitoka huyu, natoka naye," akamwambia mwanawe. "Na wewe ndiye utakayenibeba mgongoni." Shemeji akabeba kiti chake. Tangu hapo watu wakamwita Sitoki, naye akaitika.

Wanawake wale wawili waliishi kama chanda na pete. Chakula chao kilikuwa kwenye muhogo alioupanda marehemu mwaka ule ule aliofariki. Lakini muhogo wenyewe ulianza kuwatia shaka. Majani yalijikunja na kuingia mabaka ya njano, na Sitoki alipochimba shina moja kujaribu, alitoa vijizizi vyembamba kama vidole vya mtoto.

Akamwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lile. Bibi shamba aligeuza jani, akamwonyesha inzi weupe, wadogo kama vumbi la unga.

"Hii ni batobato," akasema. "Hawa inzi wanafyonza mti mgonjwa, wanahamishia ugonjwa kwenye mti mzima. Na ukikata pingili za kupanda kwenye mti unaoumwa, umepanda ugonjwa wenyewe."

"Dawa yake?"

"Mti ukishaugua hauna dawa. Ng'oa wote, uchome, upande mbegu safi. Pingili nitakutafutia."

Sitoki alilitazama shamba zima. Hakulia. Alikwenda kuchukua jembe.

Mama mkwe alipopata habari alifika mbio, kanga inaburuzika, akakaa chini katikati ya matuta. "Muhogo huu kaupanda mwanangu kwa mikono yake! Nimebakiwa na nini kingine?"

"Mama, mwanao alipanda ili tule. Huu hautatulisha."

"Basi ning'oe na mimi!"

Sitoki akainua jembe. Aling'oa tuta baada ya tuta, akimzunguka, mpaka mkwewe, bibi mzee, akabaki amekaa peke yake kwenye udongo mtupu, amekumbatia shina moja. Sitoki akapiga magoti mbele yake.

"Niachie huu tu," bibi akaomba.

"Huo ndio mgonjwa kuliko yote, mama."

Akaushika, akauvuta. Bibi alimpiga begani, tena na tena, kwa ngumi zake nyepesi. Sitoki hakuachia mpaka shina likatoka. Jioni ile ile mama mkwe alifunga nguo zake akahamia kwa mwanawe mkubwa, yule yule wa kiti.

Msimu ule ulikuwa mgumu. Sitoki aliishi kwa kunde na maboga, na watu walisema mjane amechanganyikiwa. Pingili safi zilipofika alizipanda mbali na mpaka, akachanganya na kunde. Mpakani, upande wa shamba la shemeji lililojaa batobato, akapanda mahindi yaliyosongamana kuwazuia inzi. Kisha akaenda kumwomba.

"Shemeji, ng'oa japo mistari ya huku mpakani. Wadudu wako wananivamia."

"Ulipoambiwa utoke ulisemaje?" shemeji akamjibu. "Na muhogo wangu hautoki!"

Sitoki alicheka bila kupenda. Akarudi kwake, akaongeza mstari wa mahindi.

Siku ya kuchimba, muhogo ulitoka mnene kama paja, ardhi ikapasuka. Hakuona mtu anakuja mpaka alipoinua kichwa: mama mkwe amesimama pembeni ya tuta, mikono nyuma.

"Ungeniambia mapema," bibi akasema. "Ningeuaga."

"Ungeniruhusu kuung'oa?"

Bibi akafikiri. "Nisingekuruhusu."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Bibi akachukua kipande kilichovunjika, akakitafuna kibichi, taratibu, kwa meno yake ya upande mmoja. Kilikuwa kitamu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kile kile chenye udongo. Kisha akainama akaanza kukusanya mihogo kwenye kapu, akimkaripia Sitoki kwamba anachimba vibaya, anaikata ncha.

Hakurudi kuishi naye, kwa sababu alishawazoea wajukuu kule. Lakini huja shambani karibu kila siku, na wakiwa pamoja hakuna anayemzidi mwenzake ubishi.

Shemeji mpaka leo hajang'oa. Kila asubuhi Sitoki hupita kwenye muhogo wake akigeuza majani. Akiona mti wenye mabaka huung'oa papo hapo, huupeleka mpakani, huuinua juu ya mahindi ili shemeji auone vizuri, kisha huutupa motoni.