Nyuzi Saba za Kanga wa Shemeji

Nimekosa, jamani. Na safari hii sina wa kumsingizia, maana yule wa kumsingizia nilishamtumia mpaka akaisha.

Mimi ni wa Kitendaguro, hapa Bukoba. Zaidi ya hapo msiniulize. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini daftari sikuliacha. Mke wangu anasema naandika hata saa iliyonyesha mvua, kana kwamba kesho mvua itakuja kubisha. Napenda haki. Nikigawa kitu napima mara mbili, na usiku bado nawaza kama nilipima sawa. Msicheke bado.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, sisi huku tunamwita muramu. Anavua Goziba, kule visiwani Muleba. Alipokuja nyumbani mara ya mwisho alileta mayai ya kanga, wavu mkuukuu wa kuzungushia banda na kibunda cha uzi wa nailoni. Akasema tufuge kwa ubia: yeye ametoa mayai na wavu, mimi nitoe kuku wa kuatamia na jasho. Wakikua, nusu kwa nusu. Akapanda mtumbwi akarudi kwa samaki wake.

Vifaranga kumi na wanne walipona. Saba wake, saba wangu. Hesabu nzuri hata mtoto wa chekechea anaiweza. Mtu mwenye akili zake angeacha wakue, kisha wagawanywe.

Mimi nikaanza kuwaza. Je, wakifa wawili, watakuwa wamekufa wa nani? Nitampigia muramu nimwambie waliokufa ni wako? Ataamini? Mimi mwenyewe nisingeamini. Nikaona dawa ni kuwawekea alama mapema, wakiwa bado wadogo na wote wazima, asije mtu akasema nilichagua.

Nikamwambia mke wangu anifunge macho kwa kitambaa. Nikaingia bandani kwa kupapasa, nikawa nashika mmoja mmoja wa muramu. Mke wangu amesimama mlangoni ananielekeza: huyo hapana, huyo ulishamfunga, huyo ni kuku. Nilitoka na kinyesi kichwani, lakini nilitoka na haki yangu. Saba walikuwa na uzi wa nailoni mguu wa kulia. Mafundo niliyavuta kwa meno yasije yakafunguka.

Kifaranga anakua. Uzi wa nailoni haukui. Jambo hilo ningeweza kuliandika kwenye daftari siku ileile. Sikuliandika.

Baada ya wiki kadhaa kanga wa muramu wakaanza kuchechemea. Kwanza mmoja, kisha watatu, mwisho wote saba. Si ugonjwa wa kuua. Wanakula, wanagombana, wanalala vizuri. Ila mguu umevimba, una kigaga, na mmoja kidole chake kimoja kikawa cheusi kama punje ya kahawa iliyoungua. Tope la banda lilikuwa limekaukia juu ya fundo na uvimbe umemeza uzi, ncha tu zinachungulia. Na ule uzi nilikuwa nauona kila siku, kwa hiyo nilikuwa siuoni.

Mke wangu akasema kanga wa kaka yake wamekumbuka Goziba, ndiyo maana wanatembea kama wako ndani ya mtumbwi. Alicheka peke yake.

Hebu fikirieni: wa muramu saba wote ni viwete, wangu saba wote wanakimbia kama wanachelewa kivuko. Akija atasema nini? Atasema nimewalisha wangu nikawapiga wake. Nilihitaji mtu. Sisemi nilikuwa natafuta ukweli, hapana. Nilikuwa natafuta mtu.

Mtu alikuwa jirani.

Nitamwita Ta Yoeli, huku kwetu Ta ni kama Mzee, ila Yoeli siyo jina lake. Shamba lake na langu yanatenganishwa na uzio wa miti na migomba yake michache. Kanga wana kelele, hilo lazima niliseme kwa haki yake. Hata wakiwa wadogo wanalia kama bawaba isiyojua mafuta, na huanza kabla ya jogoo. Alikuja mara mbili kuniomba niwahamishie banda upande wa pili. Sikuhamisha. Siku moja mchana nikasikia kitu kimetua kwenye migomba, pu, na sauti yake ikiwaambia kanga wanyamaze, waitu, yaani jamani, mtu alale.

Usiku huo nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika yanayomshtaki: anachukia kelele, amerusha jiwe. Upande wa pili yanayomtetea: jiwe halikufika bandani, msimu huu wa senene yeye ndiye anayewaletea kanga mabawa na miguu ya senene kwenye ungo, hataki chochote. Pande zilikuwa sawa. Ningeacha hapo.

Mke wangu akasoma juu ya bega langu. Akauliza, "Sasa hilo jiwe linajua kanga mwenye uzi na asiye na uzi?"

Niliandika swali lake. Jibu sikuliandika mpaka leo.

Sasa kanisani kwetu, sisi ni Walutheri, tulikuwa tunachagua mzee wa kanisa. Majina yalikuwa mawili, moja la Ta Yoeli. Alikuwa anautaka ule uzee wa kanisa. Hakusema, lakini alinunua viatu. Miaka yote anasali na ndala za kuogea, leo viatu vyeusi vya kamba. Mtu akinunua viatu ujue.

Jumapili majina yaliposomwa, mwinjilisti akauliza kama kuna mwenye neno, uchaguzi ungefanyika wiki inayofuata. Huwa hakuna mwenye neno. Watu huwa wanawaza mnada wa ndizi nje, na ugali.

Nikasimama mimi. Nikasema sina chuki na mtu, ila mtu anayepiga vifaranga mawe mpaka vikachechemea, na vyenyewe ni vya mtu aliyeko mbali kisiwani, sijui kama mkono huohuo ushike sahani ya sadaka. Hata sasa nikiandika masikio yananiwaka.

Ta Yoeli akasimama. Mtu mwingine angekana kila kitu na mambo yangeisha. Yeye akasema taratibu, "Nilirusha mara moja. Ni bonge la udongo, lilianguka kwenye migomba yangu. Mambo ya miguu siyajui."

Watu walisikia "nilirusha". Mengine hayakufika hata safu ya pili.

Alhamisi yake nikaingia bandani mchana na mafuta ya mgando, nimpake yule wa kidole cheusi. Nikamshika, nikapitisha kidole gumba mguuni, nikagusa kitu kigumu ndani ya uvimbe. Nikatema mate, nikasugua tope. Uzi! Uzi wangu, wa fundo langu la meno, umezama kwenye mguu kama pete kwenye kidole cha bibi harusi aliyenenepa.

Nikamshika wa pili. Uzi. Wa tatu, uzi. Sikuhitaji kuwashika wote, lakini niliwashika wote, kwa haki.

Nikaleta wembe. Nikachuchumaa mle ndani nikakata nyuzi saba moja moja, damu kidogo hapa na pale, kanga wanapiga kelele mtaa mzima unasikia. Nilipomaliza nikainua kichwa. Ta Yoeli alikuwa upande wa pili wa uzio na panga la kukatia majani ya migomba. Alikuwa ameacha kukata. Alitazama wembe, akatazama zile nyuzi kwenye kiganja changu. Sijui alisimama hapo tangu wa ngapi.

Akaendelea na migomba yake.

Mimi nikachimba chini ya mgomba wangu mmoja nikafukia nyuzi. Nimekuwa mtu mzima, nafukia uzi kama paka.

Zilibaki siku mbili. Ijumaa ningeweza kwenda kwake, sikwenda. Jumamosi ningeweza kwenda kwa mwinjilisti, nikapalilia maharage yasiyokuwa na magugu. Kwenye daftari siku hizo mbili nimeandika hali ya hewa tu.

Jumapili mwinjilisti akauliza tena, kabla ya kura, kama kuna mwenye neno la kuongeza. Ta Yoeli aligeuka. Alikuwa amekaa mbele, mimi nyuma, akageuka mzima mzima akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alikuwa anasubiri, kama mtu aliyekuazima jembe anavyosubiri ulitoe mlangoni. Jamani, nilifungua kitabu cha nyimbo nikaanza kutafuta wimbo ambao hakuna aliyeutaja!

Kura zake zilikuwa chache hata huruma haikusaidia. Alipeana mkono na aliyeshinda. Viatu vile sikuviona tena, amerudia ndala.

Nikaona nitoe kitu. Nilimchukua yule wa kidole cheusi, kidole chenyewe kilishadondoka, nikamhesabu kuwa wangu na nikamwandikia muramu mmoja wangu mzima. Hesabu za muramu zisiharibike, unaona? Hata hapo nilikuwa nahangaika na haki ya muramu. Nikampeleka kanga kanisani kama sadaka, akauzwe mnadani baada ya ibada. Nilifikiri Mungu atapokea na mambo yataisha kimyakimya.

Mnadi akamwinua. Bei ikaanza chini, kilema gani huyu. Ta Yoeli akapandisha. Mwingine akajaribu, Ta Yoeli akapandisha tena. Akampata. Akamshika mbele ya watu wote, akainua mguu wa kulia akautazama ule mviringo wa kovu, akanitazama mimi. Kisha akambana kwapani akaenda zake nyumbani.

Mtu aliyekuwa hapendi kelele za kanga. Amenunua mmoja.

Jioni hiyo nikampigia muramu Goziba, nikamwambia yote, nikisubiri matusi. Alicheka mpaka nikasikia wenzake wanamuuliza kuna nini. "Muramu," akasema, "uzi ule unavuta sangara wa kilo kumi. Wewe umemfunga kifaranga?" Nikamuuliza kama alikuwa na wasiwasi na mgawo. Akasema alishasahau kama tunafuga kanga.

Alishasahau!

Basi nikabeba rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kizima nikaenda kwa Ta Yoeli. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda uani, akaniletea kahawa za kutafuna kama mgeni wa heshima, hilo ndilo lililonichoma. Mkewe alikuwa shambani. Uani tulikuwa sisi wawili na mbuzi wake mmoja amefungwa kwenye mti. Nikasema yote, tangu kitambaa cha macho mpaka mgomba. Nikaomba msamaha.

Alitafuna kahawa yake taratibu. Akasema, "Mwenzangu, ulinisema mbele ya kanisa zima. Unaniomba msamaha mbele ya mbuzi?"

Mbuzi pia alikuwa ananitazama.

Akasema msamaha anao, hana kinyongo, rubisi tutakunywa. Tukanywa kweli. Ila akaongeza kuwa wajukuu zake wanasoma Sunday school palepale, na watoto wenzao wanawaita wajukuu wa mpiga vifaranga. Kwa hao msamaha wake hausaidii. Aliongea kama anavyoongelea mvua.

Tangu siku hiyo zimepita Jumapili tatu. Kila moja nimekwenda na maneno yangu nimeyapanga, na kila moja nimerudi nayo nyumbani yakiwa yamepoa. Mwinjilisti haulizi tena kama kuna mwenye neno. Itabidi nisimame bila kuulizwa, na mimi kusimama bila kuulizwa nilifanya mara moja tu maishani, mnajua ilivyokuwa.

Ndiyo maana nimeanza na ninyi. Najua kuandika huku bila jina ni mbuzi mwingine tu, ila huyu mbuzi ni mkubwa na anajua kusoma. Gazeti hufika Kitendaguro, likichelewa sana linafika limefunga karanga. Wa kwetu wakisoma watanijua. Sawa.

Wewe unayefuga kanga wadogo bandani, nakuonya. Usifunge kitu mguuni mwa ndege anayekua. Kama ni lazima, kila wiki mshike, pitisha ncha ya kijiti chini ya uzi; isipopita, kata siku hiyohiyo. Usiniambie unauona kila siku. Na ukiona mnyama wako anachechemea, anza na mikono yako mwenyewe kabla hujasimama kanisani.

Yule kanga ananiamsha kila asubuhi kutoka ng'ambo ya uzio. Kati ya wote kumi na wanne ndiye mwenye sauti kubwa, na Ta Yoeli hamwambii anyamaze.

Juzi nilikwenda na jembe chini ya mgomba. Nailoni haiozi, nilizikuta kama nilivyozifukia, na mafundo yake. Nimezihesabu mara mbili, ziko saba. Nimezitia kwenye mfuko wa koti la kanisani.