Somo Nililowaondolea kwa Huruma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa faili la mtu aliyefaulu masomo yote na hakuwa na hata nusu ya shahada.

Chuo chetu kilikuwa chuo cha jamii, na tawi lake la Smithfield lilikuwa ghorofa moja iliyobanwa kati ya kiwanda cha vioo na ghala la matairi. Wanafunzi walisoma kwetu miaka miwili ya mwanzo ya shahada ya sanaa na sayansi, kisha wakahamia chuo kikuu kumalizia. Mimi niliajiriwa kuwa mshauri wa masomo. Kabla ya kuhamia Sydney na mume wangu nilikuwa nimefundisha historia sekondari, Singida, nikadhani kazi hii itakuwa ya kukaa mezani na kuwatia watu moyo.

Mkuu wa Kitengo cha Ushauri, mama wa Kiaustralia aliyening'iniza miwani yake kifuani, aliliweka lile faili mbele yangu.

"Lisome, kisha uniambie huyu ana nini."

Nilisoma. Alikuwa dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo ghalani, na kwa miaka minne alikuja darasani kila alipotoka kazini. Saikolojia, amefaulu. Historia ya sanaa, amefaulu. Biolojia, amefaulu. Niligeuza kurasa nikitafuta kosa, nikalikosa.

"Ana nusu ya shahada," nilisema.

"Hana kitu. Alichukua kila muhula somo lililompendeza, na hakuna aliyekaa naye akampangia. Humo ndani hakuna hata matatu yanayoungana. Anakuja saa nne. Wewe ndiye utakayemwambia."

Nilimwambia. Yule bwana hakugomba. Aliuliza neno moja tu, "Yote?" Nilipomjibu, alibaki ameitazama karatasi kama mtu anayesubiri iseme jambo jingine. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufanya kila alichoambiwa, akakifanya vizuri, na bado asifike popote kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyeijaza.

Basi ninyi mnaoianza kazi hii leo, mkiwa na kompyuta inayowachorea mpango kabla hamjamaliza kunywa chai, jueni kwamba sisi tuliupanga kwa penseli na kifutio. Tulianzia mwisho. Ulimuuliza mwanafunzi anataka kumaliza na nini, ukaandika somo lake kuu chini kabisa ya karatasi, kisha ukapanda juu muhula kwa muhula. Somo kuu lilikuwa na masomo tangulizi, yaani yale ambayo usipoyafaulu huruhusiwi kuingia darasa linalofuata. Pembeni uliweka masomo ya upana, ili mwanasayansi asome fasihi kidogo na mwanafasihi aguse sayansi. Yaliyobaki yalikuwa ya hiari. Kila somo lilikuwa na krediti zake, ambazo ni uzito wake, na chuo kikuu kilikubali krediti zilizofuata mpango tu. Chini kulikuwa na mistari miwili ya sahihi: ya mwanafunzi na ya mshauri.

Mkuu wangu alikuwa mkali kwa ile sahihi. "Ukitia jina lako hapo," alikuwa akiniambia, "umekuwa shahidi wa maisha ya mtu."

Baada ya miaka michache nilihamishiwa tawi la Ingleburn, kwenye eneo la viwanda, chini ya Mkurugenzi wa Tawi aliyekuwa mpole na mwenye haraka. Hapo ndipo wanafunzi wa kwetu Afrika walipoanza kuja kwa wingi: Wakongo, Warundi waliotoka makambi ya Tanzania, akina mama waliokuwa wakiwahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea, akina baba wa maghala. Ilipojulikana kwamba kuna mshauri anayesema Kiswahili, foleni ilifika mlangoni. Waliniita Mwalimu, na wengine waliniita Mama. Nilijiona nina kazi ya maana kuliko watu wote wa jengo lile.

Katika mpango wa mwaka wa kwanza kulikuwa na somo moja lililoangusha wengi, Hesabu ya Msingi. Kanuni ilimruhusu mshauri kuliondoa na kuweka mahali pake Fikra Tunduizi, somo la kupima hoja, ambalo lilikuwa na krediti zile zile. Mimi mwenyewe hesabu iliniliza shuleni. Nilipomwona mtu ametoka shifti ya alfajiri, Kiingereza bado kinamkwama kooni, nilimwonea huruma. Nilifuta Hesabu, nikaandika Fikra Tunduizi, nikatia sahihi, nikamwambia, "Hii itakupunguzia mzigo." Walinishukuru. Wanafunzi wangu walifaulu kuliko wa tawi lolote, na Mkurugenzi akanipa cheti mbele ya wafanyakazi wote. Nilikitundika ukutani.

Mwisho nilipelekwa Kensington, kwenye ofisi yetu ndogo iliyowasindikiza wanafunzi waliokuwa wakihamia chuo kikuu. Huko ndiko Furaha alikonikuta.

Furaha alikuwa Mkongo wa Uvira, mama wa watoto wanne, mfungashaji kwenye ghala la Ingleburn. Mpango wake niliupanga mimi. Alikuja na furushi la karatasi, amevaa kitenge na koti la kazi juu yake, akasema anataka somo kuu la hisabati ili awe mwalimu wa sekondari.

Niliufungua mpango wake. Pasipo Hesabu ya Msingi hakuna hesabu ya pili, na pasipo ya pili hakuna ya tatu, na mlango wa hisabati umefungwa. Nilimweleza taratibu kwamba ingembidi kurudi mwaka wa kwanza. Ingekuwa miaka miwili zaidi.

"Nani aliniondolea ile somo, Mama?" aliuliza.

Niliigeuza karatasi. Sahihi ilikuwa yangu.

"Ni mimi," nilisema. "Niliona itakuwa nzito kwako."

Furaha alizikusanya karatasi zake. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya adabu, "Mama, mi nilikuwa prof wa matematike. Kule Uvira, ku sekondari. Miaka kenda."

Prof kwao ni mwalimu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Haukuniuliza. Uliniuliza niko na watoto ngapi na ninamaliza kazi saa ngapi. Nilifikiri unajua kazi yako kuliko mie."

Alipoondoka sikuweza kumwita aliyefuata. Nilipanda tramu hadi kituo kikuu, nikashika treni ya Ingleburn, nikaomba ufunguo wa kabati la nakala. Nilikaa sakafuni nikatoa mipango yangu, mmoja baada ya mwingine. Majina ya kwetu: Hesabu imefutwa. Imefutwa. Imefutwa. Nilikuta mpango wa kijana wa Kigiriki aliyekuja akilia kwamba hesabu inamshinda, na kwenye ukingo wake nilikuwa nimeandika, "Ajaribu, atafutiwe mwalimu wa ziada." Mwandiko ulikuwa mmoja. Mkono ulikuwa mmoja. Kwa yule niliandika ajaribu, na kwa watu wangu nilifuta kabla hawajafungua mdomo.

Sikulia. Mshtuko ule haukuwa wa machozi. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba miaka yote ile amekuwa akitembea usingizini, na sasa anaonyeshwa milango aliyoifunga.

Nilikwenda kwa Msajili, ambaye ndiye mlinzi wa kanuni zote za chuo. Alinisikiliza bila kuinua uso.

"Kuna njia," alisema. "Utambuzi wa elimu ya awali. Akiwa na vyeti vyake tutampa krediti."

"Nimemuuliza; viliungua pamoja na shule."

"Basi mtihani. Karatasi tatu, moja kwa kila hesabu, bila kuhudhuria darasa. Lakini mtihani huo hutolewa pale tu ambapo chuo kimekosea, na kosa likiwa limeandikwa na aliyelitenda."

"Nitaliandika."

Hapo ndipo aliponitazama. "Fikiri vizuri. Barua hiyo itabaki kwenye faili lako. Na wengine wakisikia, hutaandika moja tu."

Mkurugenzi wangu wa zamani alinipigia simu siku iliyofuata, amesikia. "Ulikuwa unawasaidia," aliniambia. "Waliofaulu wanajulikana. Kwa nini ujichafue?" Nilimwambia kwamba Furaha naye alifaulu, na ndipo tatizo lilipo.

Niliandika barua ya Furaha kwanza, kisha nyingine. Ile ya kwanza niliirudia mara nyingi, maana kila nilipoisoma nilikuta nimejitetea mahali fulani. Iliyokubaliwa ilikuwa fupi: nilimpangia mwanafunzi huyu bila kumuuliza anachojua.

Furaha alifanya karatasi zote tatu katika wiki moja, akiwa anaendelea na shifti zake. Alishinda mbili. Ya tatu ilimshinda kwa sababu maswali yalikuwa marefu, ya maneno mengi ya Kiingereza, na muda ukamwishia. Badala ya miaka miwili alipoteza mmoja. Aliposikia, alisema, "Mwaka moja niliipoteza kambini pia. Nitaimaliza." Leo anafundisha hisabati sekondari upande wa Campbelltown. Tukikutana kanisani ananisalimia kwa heshima, ananiuliza habari za magoti yangu. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijamuuliza.

Yangu hayakuishia kwenye barua. Niliondolewa kwenye ushauri wa moja kwa moja kwa muda, nikapewa kazi ya kuandika upya fomu ya mahojiano ya mwanafunzi mpya. Swali la kwanza la fomu hiyo ni langu: "Ulikuwa ukifanya kazi gani kabla ya kufika hapa, na unajua nini?" Mkilikuta kwenye kompyuta zenu msiliruke.

Nilistaafu mwaka jana. Wiki zangu za mwisho nilizitumia kuwapigia simu wale wa kwenye kabati. Wengi namba zao zilikuwa zimebadilika. Wengine walicheka, wakasema hawakutaka hesabu hata kidogo, nami nikafurahi nao. Wachache walirudi kusoma.

Wa mwisho alikuwa Mrundi, baba wa makamo, aliyemaliza miaka yake miwili kwetu kisha akaendelea na kazi yake ghalani. Aliwahi kuniambia, katika mazungumzo ya kupita, kwamba ndoto yake ya ujana ilikuwa uhandisi, nami nikaichukulia kama habari za hali ya hewa. Nilimweleza kuhusu somo nililomwondolea. Nilimweleza kwamba mlango ulikuwapo, na kwamba mimi ndiye niliyeufunga. Nilitegemea anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa.



"Kumbe lilikuwepo," alisema. "Mwalimu, mimi nilifikiri hapa sisi haturuhusiwi kusoma hesabu. Nilifikiri ndiyo sheria yao. Hata watoto wangu niliwaambia hivyo."