Kapeti la Dada Ambalo Sikulisafisha

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, naishi Nyasubi, Kahama. Nina mtoto mmoja, na baba yake tuliachana. Kazi yangu ni kusafisha makapeti na masofa majumbani.

Dada yangu ameolewa Rwamgasa, kule machimboni. Shemeji ana duka, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Kwangu ni mtu mwema: nilipoachika alinipokea, na mashine yangu ya kunyonya vumbi alininunulia yeye. Dada alikaa miaka mingi bila mtoto. Mimba mbili ziliharibika, ukweni wakamwita tasa na kumzungusha kwa waganga. Mimba ya tatu aliilelea kwa mama yetu, Kolandoto, karibu na hospitali. Amejifungua salama, bado yuko huko.

Wiki iliyopita shemeji aliniita nisafishe sebule kabla dada na mtoto hawajarudi. Mimi kapeti sianzi kulimwagia maji. Kwanza nalipindua, nalipiga mgongoni mchanga udondoke, maana ukilowa unageuka tope ndani ya nyuzi. Nilipolinyanyua, sakafuni hapakuwa na mchanga peke yake. Vitone vya kung'aa kama bati vilikuwa vinakimbizana kwenye sementi. Mtu aliyekulia machimboni haulizi ni nini. Ilikuwa zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu.

"Shemeji, hii imefikaje sebuleni?"

Akacheka. "Wewe nawe! Pale dukani vibaka wamenizoea. Siku hizi dhahabu yenye zebaki naikamulia hapa, naichomea jikoni."

"Na mtoto je?"

"Mtoto wa Rwamgasa huyo! Mimi na wewe tumekulia kwenye zebaki, tumekufa? Pitisha mashine, ivute, yaishe."

Nikamwambia mashine haiimalizi zebaki, inaitawanya, na hewa inayotoka nyuma ya mashine ndiyo watu watakayoivuta. Sabuni nayo haiiondoi. Nikamwomba atoe kapeti na masofa, aache kuchomea ndani, na awaulize watu wa afya nyumba isafishwe vipi. Kicheko kikakatika.

"Shem, nisikilize. Ukimwambia dada yako, harudi. Ndugu zangu walitaka nimwache, nikakataa. Leo nyumba yangu uje kuivunja wewe?"

Nilifungasha vifaa vyangu, nikarudi Kahama.

Juzi akanitumia picha. Kapeti limetandikwa palepale, linapendeza. Chini ameandika: "Nimelifua mwenyewe kwa sabuni ya unga. Yameisha."

Jioni yake dada akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Mdogo wangu, Mungu akubariki. Shemeji yako kaniambia umenisafishia sebule yote. Mama anataka nikae mpaka mtoto akaze shingo. Nimemwambia, mwache akagaegae kwenye kapeti aliloosha mama yake mdogo!"

Nilitakiwa kusema palepale. Nilichosema ni, "Karibu nyumbani, dada."

Sisemi zebaki ndiyo iliyoharibu zile mimba. Mimi si daktari, na sijui shemeji alianza lini kukamulia ndani. Najua tu kwamba mimba iliyofika mwisho ni ile ambayo haikulelewa kwenye nyumba hiyo.

Dada anasafiri Jumamosi. Nikisema, huenda akamwacha mwanaume pekee aliyesimama naye alipotukanwa, na ukweni watasema mimi niliyeachika nimemwonea wivu. Nikinyamaza, mtoto atalazwa pale, na mama yake hatakuwa na wasiwasi kwa sababu ameambiwa ni kazi ya mikono yangu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nipeni akili. Nimpigie dada nimwambie yote, au nianze na mama amzuie kule Kolandoto? Kuna njia ya kumwokoa mtoto bila kuibomoa ndoa? Msiniambie nisali tu. Nasali. Kapeti bado liko pale.