Mjomba Alipima Boksi

Likizo hii nimefika Kivinje nikiwa na vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Niliteremka Nangurukuru, nikatembea na sanduku kichwani kama mwali anayerudishwa kwao, na kabla sijanywa hata maji, mjomba akanikabidhi mwiko wa kujengea.

"Karibu, msomi," akasema. "Lile shimo la sebuleni linakusubiri. Chokaa ipo, mchanga upo, na wewe mwili umeujenga kwa maharage ya serikali."

Majibu ninayo mengi, wewe unanijua. Lindi shuleni nimeshapigishwa magoti mara nyingi kwa ajili ya huu mdomo. Lakini kwetu mjomba ni mjomba, akikosea tunamwamkia kwanza. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, nikaingia ndani nikakaa sakafuni nalitazama lile shimo. Hapo ndipo hasira zangu za utotoni ziliponipanda, moja moja, kama siafu kwenye suruali.

Wewe hukuwahi kuingia nyumba ya bibi enzi zile, kwa hiyo ngoja nikuonyeshe. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, jua la mchana linagonga nje halifunguliwi. Watu wa zamani hawakununua kabati. Walijenga kabati ndani ya ukuta wenyewe, mashubaka, na kila shubaka lilikuwa na cheo chake. La juu lilikuwa la msahafu. La kushoto la bakuli za bibi za harusi, ambazo nilikatazwa hata kuzipumulia. La katikati, linalotazamana na mlango, ndilo lilikuwa na chetezo cha ubani, kichana cha mti na chupa ya mafuta ya nazi. Ukiingia sebuleni kwetu asubuhi ulinusa ubani wa jana, mafuta ya nazi ya leo, na moshi wa korosho zinazobanguliwa uani. Nikiwa bwenini, mwenzangu akivua viatu, huwa nafumba macho nautafuta mchanganyiko ule. Siupati.

Kila ulipokaribia mwezi wa Ramadhani bibi alipaka nyumba chokaa. Alitwanga kumbi la nazi mpaka likawa brashi, akajifunga kanga kiunoni, akapaka kuta zote, mashubaka yote, mpaka mimi nikikaa vibaya nilipakwa. Mahali pamoja tu brashi haikupita, ukuta wa nyuma ndani ya lile shubaka la katikati. Pale palikuwa na mkono.

Mkono wa mtoto, umezama kwenye chokaa, vidole vitano vimepanuka. Wa mama yangu.

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Picha hakuna, maana mpiga picha alikuwa mjini na sisi tulikuwa na mambo mengine. Sura yake siijui. Watu waliniambia eti nina macho yake, lakini watu wa Kivinje ukiwa umewabebea maji watakuambia una macho ya yeyote unayemtaka. Kitu nilichokuwa na uhakika nacho ni ule mkono.

Bibi alinisimulia ulivyofika pale, na hadithi hii nilikuwa naiomba kama watoto wengine wanavyoomba sukari. Babu alikuwa analikandika shubaka upya. Akamwita mjomba, wakati huo mvulana wa magoti meupe, amshikie karai la mchanga. Mama, ambaye alikuwa mdogo wake, akaomba naye asaidie. Akaambiwa aende jikoni akakune nazi. Akaenda. Akakuna nazi yote mpaka kifuu, akarudi, hakusema neno, akaipiga ile chokaa mbichi kofi moja ambalo, kwa maelezo ya bibi, liliwarusha kuku uani. Babu akainua mwiko ailainishe. Akautazama ule mkono. Akasema, "Acha. Huyu ameshapiga mhuri."

"Hasira za mama yako," bibi alikuwa akimalizia, "hazikuwa na maneno. Zilikuwa na mikono."

Basi kila siku nikirudi chuoni, nimeshachapwa kwa kuisoma alifu kama namwita mbuzi, nilikigeuza kinu nikapanda juu yake. Kinu si ngazi, na nilijua. Nilitoa chetezo, nikapenyeza mkono, nikauweka juu ya mkono wa mama. Mwanzoni wangu ulipotea ndani yake kama dagaa ndani ya sufuria. Miaka ikaenda. Nikala bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, nikala mihogo ya nazi, nilikula kwa bidii, rafiki yangu, si kwa njaa. Nilitaka vidole vyangu vifike. Nilijiapiza kwamba siku vitakapoenea sawasawa sitamwambia mtu. Nitakaa nao pale mpaka nichoke.

Ukabaki urefu wa kucha tu. Kucha tu, nakwambia.

Ndipo mjomba akaleta redio.

Mjomba wakati huo alikuwa ameshakuwa balozi wa nyumba kumi, na alikuwa ameanza kutembea kama mtu aliyebeba yai kwenye kwapa. Miaka ile kila kitu kilikuwa cha wote, shamba la wote, duka la wote, mikutano ya wote, na mjomba akaona zimebaki habari. Habari nazo lazima ziwe za wote, na zitokee kwake. Aliuza korosho zake akaenda Lindi, akarudi na boksi mapajani, juu ya lori, hakumruhusu mtu hata kulishikilia. Boksi kubwa, limefungwa kamba, limechorwa redio ubavuni. Akatangaza kwamba halitafunguliwa mpaka Saba Saba, mbele ya wananchi.

"Kwa nini usifungue sasa?" bibi akamuuliza.

"Mama, bibi harusi hafunuliwi jikoni."

Swali likawa itawekwa wapi. Mimi, mdomo wangu ule ule, nikasema mezani. Mjomba akanitazama kama nimekojoa kisimani. Meza ni ya kulia, akasema, sauti ya taifa haiwezi kukaa na mifupa ya samaki. Itakaa kwenye shubaka la katikati, inatazama mlango, ili watu wa barazani waione. Bibi akamjibu neno moja, "Nyumba ina mwenyewe," akaendelea kupepeta mchele. Sisi tukajua mambo yamekwisha.

Wiki iliyofuata bibi akaitwa msibani Mchinga.

Nakumbuka kanga yake ilivyopotea kwenye kona, na nakumbuka mjomba alivyosubiri kona ile ipoe. Akalileta boksi sebuleni. Akalipima kwa shibiri, upana, urefu, kina, anahesabu kwa sauti kama anasomesha watu wazima. Akapima shubaka. Akatikisa kichwa. Halikuenea, hasa kwa kina, boksi lilitaka kuingia ndani zaidi. Akaenda kuchukua nyundo na tindo.

Nilimwambia. Nataka ujue kwamba nilimwambia. Nilisema, "Mjomba, mkono wa mama."

Akasema, "Mama yako yuko mbinguni, hayuko ukutani. Lete karai."

Sasa mtu wa umri ule anafanya nini? Nikaleta karai. Akapiga. Chokaa ya zamani haivunjiki kwa adabu, inatoka vipande vipande na vumbi lake linauma koo. Kila alipojaza karai nilibeba mimi, kupitia uani, nikamwaga nyuma ya jiko. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema yeye alimzika mama yake mara moja tu, mwambie ana bahati.

Bibi aliporudi alisimama mlangoni, mkoba bado begani. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kifusi mmemwaga wapi?" Nikampeleka. Kuku walikuwa wanaparura pale, wanatafuta wadudu. Akawafukuza. Akakaa kitako chini, yeye ambaye hakukaa chini bila mkeka, akaendelea kuwafukuza mpaka walipoingia kulala. Siku zilizofuata mjomba alipewa chakula kama kawaida, mchuzi kama kawaida, ila jina lake halikutajwa. Alikuwa anaambiwa "kula" kama unavyomwambia paka.

Saba Saba ikafika. Watu wakajaa, wengine wamepanda madirishani, mwalimu wetu wa shule kavaa soksi. Mjomba akahutubia mpaka watoto wakasinzia. Akakata kamba. Akafungua boksi, akaanza kutoa vitu vyeupe vyepesi vya kuzuia redio isigongwe, akatoa, akatoa, vinapeperuka sebuleni, watoto wanavigombania wanavitafuna. Mwisho kabisa, kutoka katikati ya takataka ile, akatoa redio.

Ilikuwa kama mkate wa boflo.

Jirani yetu mmoja, mama ambaye sauti yake haihitaji redio, akauliza, "Balozi, ndiyo hiyo, au mama yake anakuja nyuma?"

Umeelewa, rafiki yangu? Alipima boksi. Kwa sababu alijiapiza kutolifungua kabla ya sherehe, akapima boksi, akavunja ukuta kwa ajili ya boksi. Redio yenyewe ingeingia kwenye shubaka la zamani ikakaa na chetezo, na kichana, na chupa ya mafuta, na nyuma yake mkono wa mama ungebaki umepanua vidole bila hata kuguswa. Alipoitumbukiza kwenye shimo lake ikawa kama jino moja kinywani mwa mzee. Bibi akapita katikati ya watu, akaweka chetezo pembeni ya redio, akaweka na kinu. Kinu kizima kikaingia.

"Nafasi ipo," akasema. "Hata mimi nikifa msisumbuke kuchimba."

Watu walicheka, kwa kuinama, maana balozi ni balozi. Mimi sikucheka. Mimi, ambaye hucheka hata kwenye hitima nikiona mtu kapiga mbweu.

Na hayakuishia hapo. Mjomba akaiwasha, ikaanza kukoroma. Akazungusha kitufe, ikakoroma kwa Kiarabu, ikakoroma kwa Kireno. Ndani ya ukuta ule wa mawe sauti haikushika kabisa. Wakaitoa, wakaiweka barazani juu ya kigoda, ikasema vizuri kabisa habari za saa. Kuanzia siku ile redio ikaishi juu ya kigoda. Jioni watu walikaa pale na kahawa chungu, na wakati wa matangazo ya vifo hata watoto tulinyamazishwa, na nikisema ukweli zilikuwa jioni nzuri, jambo ambalo linanikera mpaka leo. Mawe yake ya betri yakiisha nguvu tuliyaanika juani kama dagaa, yakarudi kidogo. Halafu kwenye duka la kijiji mawe yakaadimika kabisa, na ile redio ikanyamaza. Sasa watoto wa mjomba wanaitumia kama lori.

Shimo ndilo lilibaki. Sasa unajua kwa nini nilikaa sakafuni na mwiko mkononi.

Nikachanganya chokaa. Nikajaza mawe, nikaziba, nikakandika, nikalainisha. Kazi hii naijua, shuleni tunafanya elimu ya kujitegemea mpaka viganja vinalia. Na najua unachowaza wewe unayesoma: nibandike mkono wangu pale, ipatikane hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Sikubandika. Mkono wangu sasa ni kama kasia, na haukuwahi kuwa na shughuli pale isipokuwa ile moja.

Mjomba akaja kukagua. Akainama, akatazama huku na huku, akaridhika.

"Hapo sawa, mpwa wangu. Mtu akiingia hawezi hata kujua kama palikuwa na kitu."

Sikumjibu. Wewe unanijua, mimi nisipomjibu mtu ujue ni mgonjwa. Nilichomeka mwiko kwenye chokaa mbichi nikavuta. Ikaanguka sakafuni, pwaa. Nikachota tena. Nikatoa na mawe kwa mikono, moja moja, chokaa mpaka kwenye viwiko, mpaka shimo likawa wazi kama alivyolichimba.

"Una wazimu?" mjomba akasema. "Mama, mwone huyu, ana wazimu."

Bibi alikuwa uani amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mkuno ukasimama. Akatazama ndani, akanitazama mikono.

"Usijifanye mgeni," akamwambia mjomba. "Hasira hiyo umewahi kuiona. Wewe ndiye uliyeshika karai."

Mjomba akaitazama ile takataka sakafuni, na mimi namfahamu, alikuwa anatafuta neno la kibalozi. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Haya, basi itoe nje."

"Safari hii beba wewe, mjomba."

Nilitegemea kofi. Akainama, akajaza karai kwa mikono, akalibeba. Nilimsikia akipita uani, na nikamsikia bibi akimwambia asimwage kwenye kuku.

Mimi nikabaki sebuleni. Hapanuki ubani siku hizi, pananuka vumbi na mpira wa viatu vya watoto. Sikuhitaji kupanda juu ya kinu. Nikautia mkono wangu ndani ya shimo, nikaunyoosha mpaka begani, nikavipanua vidole vyote vitano. Havikugusa kitu.